Bodi nzima, chasisi mbovu: shajara ya Land Rover 109

18 Januari

Leo nimelipa. Land Rover 109, Series III, pikapu ya mwaka 1976, injini ya petroli. Lilikuwa limelala miaka minne chini ya mwembe, Mbagala, limefunikwa turubai la bluu. Bei ilianzia 8,000,000, tukashushana mpaka 6,200,000. Kadi ipo, mkataba tumeandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, namba ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, inaonekana kwa shida lakini ipo.

Nina vitalu vya miche Kibada, Kigamboni: miembe, michungwa, minazi mifupi, na mikorosho kwa wanaoagiza mapema. Kila mzigo nakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mteja akiwa Mkuranga ndani au Kisarawe ndani, kule barabara inakogeuka mchanga mtupu, wenye kirikuu wanakataa au wanataja bei inayomeza faida yote. Nilihitaji gari la kazi. Kuchagua hili na si jingine ni kwa ajili ya mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa idara ya kilimo kule Njombe. Watoto tulikuwa tunapanda nyuma, tumeng'ang'ania bomba la turubai, na mpaka leo nikisikia gia ya Land Rover ikilia mlimani najua ni yenyewe kabla haijatokea. Mjomba alishatangulia. Gari hili nimelitaka tangu nina miaka tisa.

Nimelikagua mwenyewe. Nimepapasa milango, boneti, pembe za nyuma, hata kona za mabawa juu ya matairi, sikuona kutu hata chembe. Injini iliwaka kwa betri ya kuazima, ikatetemeka, ikatoa moshi wa bluu kidogo, kisha ikatulia. "Dada, hili ni la kuosha tu na kuingia barabarani," muuzaji aliniambia. Nimetenga 1,500,000 kwa breki, matairi mawili na rangi.

19 Januari

Tumelivuta alfajiri kwa Barabara ya Kilwa kabla foleni haijaanza, mpaka mtaa wa Gerezani, kwenye kijiwe cha mafundi. Mzee atakayelishughulikia ameshika Land Rover tangu ujana wake, kwenye karakana ya serikali. Nilimwamkia, akaitikia, akalizunguka gari mara moja bila kusema neno. Alichuchumaa, akachungulia chini kwa muda. Halafu akasema, "Njoo Jumamosi, mwanangu, tulipandishe tulione tumbo."

25 Januari

Naandika usiku, nywele bado zina vumbi la kutu.

Gari lilipandishwa juu ya stendi nne. Mzee alimpa kijana wake nyundo ndogo, akamwambia agonge chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma, taratibu, kila upana wa vidole vinne, na sisi wengine tunyamaze. Ngo. Ngo. Ngo. Chuma kizima kinaitika. Alipofika chini ya mlango wa dereva sauti ikabadilika: du. Akarudia palepale. Du. Akaongeza nguvu kidogo tu na kichwa cha nyundo kikazama chote. Alipokichomoa vikamwagika vipande vya kutu kama magamba ya samaki, udongo mkavu, na baada ya udongo mabonge ya saruji.

Mtu alijaza zege ndani ya chasisi ya gari. Akaziba tundu kwa bati jembamba, akapaka lami juu yake, nyeusi, laini, inayong'aa, kiasi kwamba nilipochungulia Mbagala niliona chasisi "imetunzwa". Kule nyuma, kwenye boriti ya kukingama ambayo ndoano ya kuvutia inafungwa, lami ilikuwa imefunika puti, ile rojo ya kuzibia mabonyeo kabla ya rangi, na puti ilikuwa imeshikilia magazeti yaliyokunjwakunjwa. Kijana aliyachomoa kwa bisibisi, moja baada ya jingine, akayapanga chini.

Tukahesabu uharibifu. Mikono yote minne ya pembeni, ile inayotoka kwenye chasisi kubeba ukuta wa mbele na matangi ya mafuta, imekwisha. Boriti ya nyuma yote. Sentimita 70 za ubavu wa kulia. Kibebeo cha springi ya nyuma kushoto kimebaki ganda. Na ukuta wa mbele wenyewe, ule unaotenganisha injini na dereva, umetoboka pale miguu inapokanyaga, pande zote mbili, chini ya mazulia niliyoyasifu.

"Bodi ya Land Rover haiozi, mwanangu," Mzee alisema, "kwa hiyo haisemi. Ukitaka habari zake uliza chini." Akanieleza, na nayaandika maneno yake kwa sababu ndiyo ningependa kuyasikia wiki moja kabla. Bodi ya nje ni aluminiamu, mchanganyiko unaoitwa Birmabright. Gari la kwanza la aina hii lilipoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Wakaona watumie aluminiamu kila inapowezekana, na chuma wakiweke pale tu pasipokwepeka: chasisi, ukuta wa mbele, fremu za milango. Mimi nilikuwa nimepapasa aluminiamu nikitafuta kutu.

Chasisi yenyewe ni kama sanduku refu, pleti nne zilizochomelewa pamoja, unene wa milimita 2 hivi. Ndani ni uwazi. Kinachoingia mle hakitoki kirahisi. Mzee aliokota kidonge cha ule udongo uliomwagika, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema. "Chumvi. Hili limefanya kazi ufukweni." Muuzaji alikuwa ameniambia gari limekaa shamba maisha yake yote.

Nilimpigia jioni. Akasema alivyolinunua ndivyo alivyoliuza. Huenda ni kweli. Sitampigia tena.

28 Januari

Kila anayepita kijiweni ana ushauri wake. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja mara mbili. Gari lenyewe hawana shida nalo, wanataka milango, mabawa na boneti, wapime kwa kilo wakayeyushe. Aluminiamu hiyo inakwenda kuwa sufuria. Mzee anasema ameona Land Rover nyingi zikiondoka kwa njia hiyo, nzima nzima, na wenyewe wakishangilia pesa ya haraka. Mimi jambo hilo linaniuma. Gari lililopanda milima ya Njombe na mjomba huenda leo linapikiwa wali mahali fulani hapa mjini.

Wengine wanasema chomoa injini hiyo, weka 3L ya Toyota, dizeli, usahau shida. Siwabezi. Vipuri vya 3L vipo kila duka Kariakoo, na anayetaka gari la kubeba mchanga kila siku afanye hivyo. Ila inabidi ukate vibebeo vya injini, ukereze upya propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, ubadilishe taarifa za injini kwenye kadi, na chasisi iliyooza inabaki imeoza vilevile. Injini ndiyo iliyoniambia kweli siku ya kwanza: ilitetemeka mbele ya macho yangu.

Njia ya tatu ilikuwa kununua chasisi nyingine. Imepatikana moja Morogoro, 2,500,000, haina zege. Lakini ina namba yake, na gari lililoandikwa kwenye kadi yangu lina namba nyingine. Sitaki kuanza hadithi hiyo na TRA, mamlaka ya mapato.

Tumekubaliana tutengeneze hii hii. Mzee ametoa sharti moja. Hakuna kufunika. Kilichooza kinakatwa mpaka tukutane na chuma kinachong'aa, hata kama ni sentimita kumi mbele ya pale tulipodhani. Nimekubali, na bajeti yangu ya 1,500,000 imekufa leo.

15 Februari

Wiki mbili za kufungua tu.

Bolti za gari hili ni za inchi. Ukichukua spana ya 13 ukaiweka kwenye kichwa cha nusu inchi inaingia, unaona kama imekaa, kumbe ina nafasi ya sehemu tatu za kumi za milimita. Kwa bolti lisilo na kutu unaweza kuponea. Kwa lililoshikana, nafasi hiyo inakula pembe zote sita na unabaki na kichwa cha duara. Waliolifungua kabla yetu walitumia za milimita. Bolti kumi na moja tumezikata kwa grenda. Mzee ana seti yake ya inchi, 7/16, 1/2, 9/16 na kuendelea, amezifunga kwenye kipande cha kanga kilichofifia, na kila jioni anazihesabu kabla ya kukifunga tena. Amenikabidhi nizitumie kuanzia wiki ya pili, na nimelipokea hilo kwa uzito wake.

Kila mahali aluminiamu ilipogusana na chuma tumekuta unga mweupe kama chokaa. Vyuma viwili vya aina tofauti vikikaa pamoja na katikati yake kuna unyevu wa chumvi, vinafanya kazi kama betri, na katika betri hiyo aluminiamu ndiyo inayoliwa. Tutakaporudisha bodi kila mgusano utawekewa rangi na kipande cha mpira katikati. Kiwandani Solihull, Uingereza, hawakulifikiria jua na chumvi ya hapa, sisi tunaishi nayo.

Kitu nisichokitarajia kabisa: nyumba za nyigu. Chasisi ina matundu ya kutolea maji chini yake. Tumeyakuta yamezibwa kwa udongo, mengine kabisa, na ndani mna nyumba za nyigu kumi na nne, ngumu kama tofali. Kwa hiyo maji ya chumvi yaliingia juu na chini hayakuwa na pa kutokea. Nimemwomba kijana anionyeshe kila tundu lilipo na nimelichora kwenye daftari. Waya mwembamba ukipitishwa mle mara moja kwa mwezi ungeiokoa chasisi hii.

Matangi mawili ya mafuta, yanayokaa chini ya viti, yametolewa na kupelekwa uani, yamejazwa maji mpaka shingoni. Hakuna cheche itakayowashwa hapa kabla ya hapo, Mzee alisema, na hakutaka mjadala.

8 Machi

Kabla ya kukata, kupima. Hili lilichukua siku nzima na ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote.

Sakafu ya saruji ilifagiwa, ikamwagiwa maji, ikaachwa ikauke. Mzee akatoa timazi, ile ya waashi, akaning'iniza uzi kwenye tundu la kila bolti la springi, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Unasubiri mpaka timazi iache kuzunguka, inakuwa kama inafikiri, halafu unaweka nukta ya chaki chini ya ncha yake. Tulipomaliza sakafu ilikuwa na picha ya chasisi kwa nukta. Kutoka ekseli hadi ekseli lazima tupate inchi 109, yaani sentimita 277, na tulipata. Kisha mishazari: kutoka nukta ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Chasisi iliyonyooka inatoa kipimo kimoja pande zote mbili. Ya kwetu ilipishana kwa milimita 11.

Maana yake aliyechomelea viraka vya zamani alichomelea gari likiwa limeinama. Springi zilikuwa zinavuta upande mmoja miaka yote hiyo. Tumekata kiraka, tukainua ubavu kwa jeki ya tani tano nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, tukipima kila mara, mpaka tukafika milimita 3. Hapo Mzee akatikisa kichwa kukubali, na chaneli mbili za chuma zikachomelewa kwa kukingama zishikilie kipimo.

22 Machi

Kazi ya kuchomelea. Fundi chuma ni jirani wa kijiwe cha tatu, mtu wa maneno machache. Pleti ni ya milimita 3 badala ya 2 za asili, imekunjwa kwenye mashine ya uchochoro wa nyuma. Haruhusiwi kukata pande mbili kwa wakati mmoja: mkono mmoja unatoka, mpya unaingia, unashikizwa, unapimwa, ndipo wa pili unaguswa. Anachomelea vipande vifupi, sentimita tatu hapa, kisha anahamia upande wa pili, ili moto usiipinde pleti. Nimesimama hapo siku sita. Kila kiungo kikipoa, kijana anakigonga kwa nyundo yake.

Jambo la kutisha lilitokea siku ya tatu. Kibebeo cha springi ya mbele kulia kilikuwa kimeliwa ukingoni, na fundi alikuwa ameshawasha grenda akikate. Mzee alipiga ukelele nisiowahi kumsikia nao. Namba ya chasisi ya Series III imegongwa palepale, kwenye kibebeo cha mbele kulia. Ingekatwa, gari langu lingekuwa limepoteza jina lake, na hakuna kadi ambayo ingelirudishia.

Grenda ilizimwa. Mzee alikaa chini na brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, akasugua kwa muda wa saa nzima, nami nikimshikia taa. Namba ziliibuka moja moja kutoka kwenye kutu. Ile tuliyoidhani 3 ikawa 8, ndivyo ilivyo kwenye kadi. Tukapaka chaki, tukaweka karatasi, tukasugua penseli juu yake, na karatasi hiyo sasa iko kwenye faili langu. Kiraka kimewekwa kwa nyuma. Uso wenye namba haujaguswa na moto.

Chasisi imepakwa redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, nje, na ndani tumemimina grisi iliyoyeyushwa kwa oili, kupitia matundu yale yale ya maji, tukilitikisa gari ili ienee.

Aprili

Masika. Kijiwe hakina paa la kutosha, Jangwani maji yamefunga barabara mara mbili, na huwezi kuchomelea ukiwa umesimama kwenye dimbwi. Gari liko chini ya lile turubai la bluu.

Mvua hiyo hiyo ndiyo inayoleta wateja wa miche. Nimeuza mwezi huu kuliko miezi mitatu iliyopita, na fedha hiyo ndiyo itakayolipia injini.

5 Mei

Tumepima mgandamizo wa silinda. Ya kwanza 135, ya pili 130, ya nne 130. Ya tatu 70. Mzee akaomba kijiko cha oili, akakimimina kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, akapima tena. Ikabaki 70. Kama ringi za pistoni zingekuwa zimechoka, oili ingeziba upenyo kwa muda na kipimo kingepanda. Hakikupanda, kwa hiyo upepo unatorokea juu, kwenye valvu, ile milango midogo ya silinda. Kijiko kimoja cha oili kimetuokoa kuifungua injini nzima.

Hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, ilipotoka tuliiona. Valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu imeungua ukingoni, imemeguka kipande cha upana wa ukucha. Sababu yake ni ya kizamani. Injini hii ya sentimita za ujazo 2286 ilibuniwa wakati petroli ikiwa na risasi, na risasi hiyo ilikuwa inaweka utando unaolinda kikalio cha valvu. Kusini mwa Sahara petroli ya risasi ilikoma kufikia mwanzoni mwa 2006. Tangu hapo valvu zinakalia kiti cha chuma laini kisicho na mto, zinazama taratibu, nafasi inapotea, haifungi vizuri, inaungua. Fundi wa mashine amechimba vikalio vya kutolea moshi na kupachika vipya vya chuma kigumu. 780,000 pamoja na valvu. Sikubishana.

17 Mei

Leo nimerekebisha tapeti mwenyewe, yaani ile nafasi ndogo iliyo juu ya kila valvu. Mzee alinifundisha hesabu ya tisa. Valvu ziko nane. Unazungusha injini kwa mkono mpaka valvu ya 8 iwe imebonyea kabisa, hapo unarekebisha ya 1. Ikibonyea ya 6, unarekebisha ya 3. Siku zote iliyobonyea na unayoigusa zikijumlishwa ziwe 9. Nafasi ni inchi 0.010, robo ya milimita, na kipimo kikipita katikati unakisikia kinakwaruza kidogo, kama kisu kinapopaka siagi. Nimerudia zote nane mara tatu. Mara ya tatu mkono ulijua kabla ya macho.

Saa kumi jioni imewaka. Haikutetemeka. Kijana alisimamisha chupa ya soda iliyobaki nusu juu ya boneti, na soda haikumwagika.

Juni

Mwezi wa mambo mengi madogo, nayapitia haraka. Breki za ngoma za inchi 11 zimewekewa shuu na wili silinda mpya kote, pamoja na masta silinda. Waya zimefumuliwa zote, maana waliotutangulia walikuwa wameunga kwa rangi yoyote iliyokuwa karibu. Ukuta wa mbele umepata sakafu mpya pande mbili.

Rangi: chini ya tabaka nne tulikuta kijani cha asili, na ndicho nilichochagua. Mabonyeo ya mabawa nimeyaacha. Fundi rangi alitaka kuyajaza puti na nimemkatalia. Sitaki puti kwenye gari hili mahali popote, hata pale ambapo haina madhara.

Umiliki umehamia kwangu. Askari wa ukaguzi aliinama mbele kulia, akafuta kwa kidole, akaisoma namba kwa sauti tarakimu kwa tarakimu huku mimi nikifuatisha kwenye kadi.

Nimejumlisha risiti. Matengenezo yamefika 7,940,000. Ningeligonga kwa nyundo kule Mbagala, nisingetoa zaidi ya 3,000,000 kulinunua. Anayetaka kununua gari hili aende na nyundo na tochi, alale chini, agonge mikono ya pembeni na boriti ya nyuma. Akikuta lami mpya inayong'aa, agonge mara mbili. Muuzaji akikataa isigongwe, ameshakujibu.

12 Julai

Limetoka Gerezani kwa miguu yake. Bendera Tatu, Kurasini, kisha Daraja la Nyerere. Mzee alikaa kushoto, mikono magotini, anasikiliza. Katikati ya daraja aliniambia niachie usukani kidogo tu. Niliachia. Gari lilikwenda moja kwa moja, halikuvuta kulia wala kushoto. Alitazama nje dirishani, upande wa maji, na hakusema kitu mpaka Kibada.

19 Julai

Mzigo wa kwanza: miche 160 ya minazi mifupi na 60 ya michungwa, kwenda Mkuranga ndani, kupitia Kongowe. Kilomita nne za mwisho ni mchanga. Lori dogo lilikuwa limekwama mbele yetu, vijana wanalisukuma. Nilikanyaga klachi, nikabonyeza kirungu cha njano, magurudumu ya mbele yakashika, tukapita pembeni kwa gia ya pili. Kisha tukarudi nyuma kulivuta, na kamba tuliifunga kwenye boriti mpya ya nyuma. Nilishuka kuitazama ikivutwa. Haikusogea.

Mwenye shamba, bibi wa miaka sabini hivi, aligusa mlango akasema yeye aliletwa hospitali kwa gari kama hili alipokuwa mja mzito wa kifungua mimba wake. Aliomba apande akae kidogo. Akakaa.

20 Julai

Asubuhi nimekuta oili chini ya gurudumu la mbele kushoto, doa la upana wa kisosi. Ni sili ya ile tufe kubwa inayogeuza gurudumu. Tufe lenyewe lina vishimo vya kutu, hivyo sili mpya peke yake italiwa tena baada ya wiki chache. Nimempigia Mzee. Anasema nisiendeshe zaidi ya lazima, nijaze oili kila jioni, naye atakuja Jumapili ijayo kwa pantoni na spana zake. Nimemwambia asile njiani, kuku yupo.